Kabla makabrasha hayajasambazwa: kuifikisha sayansi ya Ziwa Tanganyika kwa waamuzi wa Kigoma

Taarifa ya kisayansi inayofika halmashauri mwezi Machi imechelewa, hata kama kila kilichomo ni kweli. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hukaa kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili. Kufikia hapo mpango wa halmashauri umeshapita vijijini, kwenye Kamati za Maendeleo za Kata, kwenye kamati za kudumu, kwenye baraza la madiwani na kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mtaalamu anayekuja Machi kusema ziwa linapanda anaambiwa asante, na karatasi yake inaingia kwenye faili. Hakuna aliyemdharau. Kasma, yaani mafungu ya bajeti, zimeshagawanywa, ukomo wa bajeti umefikiwa, na fedha ya kuhamisha banda la samaki haina pa kukaa mpaka mwaka mwingine.

Ndiyo maana tunaofanya kazi hii huku Kigoma tumezoea kuhesabu siku kwa kurudi nyuma, tukianzia tarehe ya kikao. Jambo linalodai fedha za mwaka unaoanza Julai liwe limesikika kwenye kata Oktoba au Novemba, na liwe kwenye waraka wa kamati husika Desemba, au mapema Januari wakisogeza vikao. Jambo lisilodai fedha, kama sheria ndogo au katazo la kujenga mahali fulani, lina nafasi zaidi kwa sababu baraza hukutana kila robo mwaka. Maji yakiwa yameshaingia sokoni, njia ni nyingine kabisa: ofisi ya mkuu wa wilaya na kamati ya maafa, siku hiyohiyo, kwa ukurasa mmoja.

Baada ya tarehe huja swali la nani anaamua nini, na hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mto unaotoa maji nje ya ziwa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Diwani wa Kigoma hawezi kufanya lolote kuhusu Lukuga. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 ndio uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, na mambo ya nchi nne huzungumzwa huko, ngazi ya mawaziri. Kusitisha uvuvi, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hakuanzii Ujiji. Lakini mahali pa kujenga soko, doria za vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ushuru wa mwalo (mahali boti zinaposhushia samaki), mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na sheria ndogo ni mambo yanayopita mikononi mwa halmashauri na serikali za vijiji. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya taarifa, andika kwanza pembeni: mtu huyu, kwenye kikao hiki, anaweza kusaini nini? Jibu likikosekana, karatasi hiyo ipelekwe kwingine.

Tuchukue kupanda kwa maji, kwa kuwa hakuna jambo lililowatesa watu wa mwambao kuliko hilo miaka hii. Shida huanzia kwenye neno. Redioni na mitaani tunasikia "kina cha ziwa kimeongezeka". Kina ni umbali kutoka juu mpaka chini, na kina cha Tanganyika mahali penye shimo refu kuliko pote ni karibu mita 1,470. Ukimwambia mtu kina kimeongezeka mita moja, akilinganisha na hizo 1,470 anaona ni kitu kidogo sana. Kinachomhusu ni usawa wa maji, yaani uso wa ziwa umefika wapi ufukweni. Kwenye takwimu usawa huo huandikwa kwa mita juu ya usawa wa bahari, namba inayozidi kidogo 770. Kwa mjumbe wa kamati namba hiyo ni bubu. Haimwambii kama choo cha soko kitazama.

Kinachomfikia ni upana wa nchi kavu inayoliwa. Pima mteremko wa ufukwe husika kwa vyombo vya upimaji, au hata kwa vigingi viwili, kamba na pima maji ya fundi ujenzi. Ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50 za kwenda mbele, maji yakipanda mita 1 yataingia ndani mita 50; yakipanda nusu mita, yataingia 25. Ufukwe wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 utapoteza mita 10 tu kwa kupanda kulekule kwa mita 1. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini mwalo mmoja umezama na wa jirani yake umesimama. Pia inamzuia diwani kudhani kwamba kata yake imeonewa. Ipige kwa kila mwalo peke yake. Wastani wa wilaya nzima haumsaidii mtu wa Kibirizi wala wa Katonga.

Kisha weka alama mahali watu wanapopaona. Mstari wa rangi kwenye nguzo ya banda, na tarehe yake, husema zaidi ya grafu yoyote. Lakini kuna mtego. Ziwa hupanda na kushuka kila mwaka: hufika kilele mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, halafu hushuka wakati wote wa kiangazi. Ukichora alama Mei na kamati ikaja kutembelea Oktoba, watakuta maji yamerudi nyuma, na mtu atasema wataalamu walitutisha. Kwa hiyo linganisha Mei na Mei, Oktoba na Oktoba, na uandike hivyo juu ya nguzo yenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kila mjumbe anaijua hiyo sitini. Swali gumu ni kwamba ukingo wenyewe unahama. Kwenye ufukwe ule wa mita 1 kwa 50, jengo lililosimama mita 70 kutoka majini linabaki na mita 20 maji yakipanda mita moja, ingawa mwenye jengo hakuvunja sheria yoyote siku alipochimba msingi. Hapo mtaalamu asikimbilie kumwita mtu mvamizi. Apendekeze jambo linaloweza kuazimiwa: kwamba kwenye mialo yenye mteremko mdogo, mita 60 zihesabiwe kuanzia alama ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa, na kwamba michoro ya majengo mapya ya halmashauri ioneshe alama hiyo kabla ya zabuni kutangazwa. Kusogeza banda likiwa bado kwenye karatasi ni kazi ya mchoraji. Likishajengwa, ni kazi ya kasma.

Samaki ni hadithi ngumu zaidi, kwa sababu ukweli wake ukisemwa nusu unaleta madhara.

Jua hupasha joto maji ya juu. Maji ya joto ni mepesi, hivyo hukaa juu ya maji baridi kama mawese yanavyokaa juu ya mchuzi. Rutuba yote iliyozama iko chini, mahali ambapo hata hewa ya oksijeni haipo. Upande wa kaskazini wa ziwa oksijeni huishia karibu mita 100. Pepo za kusini za kiangazi, Mei mpaka Septemba, ndizo zinazokoroga na kuipandisha rutuba hiyo juu. Rutuba hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hulisha wadudu wadogo wa majini, wadudu hulisha dagaa, na dagaa humlisha mgebuka. Tabaka la juu likizidi kupata joto, upepo uleule hauwezi tena kukoroga kama zamani. Mfano wa mawese una mpaka wake na ni vizuri kuutaja: mafuta hayachanganyiki kabisa na mchuzi, ziwa huchanganyika kiasi. Mjumbe mwenye akili atauliza, na ni heri uwe umeshasema mwenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa mimea hiyo midogo kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria kupungua kwa samaki kwa takriban asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma matabaka ya matope ya chini ya ziwa, ulionesha kwamba kupungua kwa samaki kulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Sasa peleka maneno haya peke yake kwenye kikao, uone. Atasimama mheshimiwa wa kata ya mwambao, aliyechaguliwa na wavuvi, na kusema kwa haki kabisa: kama ni joto, basi makokoro (nyavu za kukokota) hayana kosa, na doria zisimame.

Sayansi haijasema hivyo, lakini aliyeiwasilisha ameiacha ieleweke hivyo. Namna iliyo sahihi ni kuyapeleka mambo mawili yakiwa yamefungwa pamoja: ziwa linazalisha kidogo kuliko zamani, kwa hiyo kiasi kinachoweza kuvunwa bila kumaliza mbegu nacho ni kidogo kuliko zamani. Joto halimwondolei lawama mwenye nyavu haramu. Linapunguza nafasi ya makosa yake. Watu wa Kigoma wanajua vizuri kwamba shamba lililochoka halilimwi kama lilivyokuwa bichi. Na kwa kuwa joto la ziwa haliko mikononi mwa halmashauri na uvuvi kwa sehemu uko, taarifa imalizikie kwenye uvuvi.

Namba ya kupeleka nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Tani za jumla zilizopita mwaloni zinadanganya, maana boti zikiongezeka tani zinaweza kubaki palepale wakati kila mvuvi anarudi na kidogo. Tumia kilo kwa chombo kwa usiku mmoja. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo siku za mbalamwezi kazi husimama au hupungua sana. Ukihesabu wiki ya mbalamwezi mwezi mmoja na wiki ya giza mwezi unaofuata, utatangaza ongezeko ambalo halipo. Hesabu mwezi mzima wa mwandamo, au linganisha giza na giza. Uvuvi unapofunguliwa baada ya kusitishwa, siku za kwanza hupata samaki wengi kwa sababu wamejikusanya bila kuvuliwa. Picha za siku hiyo si ushahidi kwamba kusitisha kumefaulu, na anayezitumia kama ushahidi atakosa la kusema mwezi wa tatu baada ya kufunguliwa. Dagaa anaishi mwaka mmoja hivi, au kidogo zaidi, hivyo jibu la kweli linaanza kuonekana ukilinganisha msimu mzima na msimu mzima, kwa vyombo vya aina ileile na mialo ileile. Hilo lina maana kwamba upimaji uanze kabla ya kusitisha. Ukianza baada ya kufungua, huna cha kulinganisha.

Neno jingine linalotuponza ni "wastani". Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mikoa ya msimu mmoja wa mvua kama Kigoma na Tabora, Novemba hadi Aprili, husema mvua zitakuwa juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Mtabiri anamaanisha makundi matatu: linganisha na mvua za miaka mingi iliyopita, zilizopungua sana ni kundi moja, zilizo karibu na zile za kawaida ni wastani, zilizozidi sana ni kundi la tatu. Mitaani "ya wastani" ni kitu cha kadiri, kisicho kizuri sana. Mtu anayeambiwa mvua za wastani anaweza kusikia kwamba zitapungua, na akaamua kutolima bonde la juu. Mweleze kwa neno la kila siku: mvua kama tulizozoea.

Na uwezekano uuseme kwa misimu, si kwa asilimia. Tuseme utabiri unatoa asilimia 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini. Chumba kitasikia jambo moja tu: mvua kubwa zinakuja. Sema hivi: tukiwa na misimu 20 yenye dalili kama hizi, 9 itakuwa na mvua nyingi, 7 itakuwa ya kawaida, 4 itakuwa na upungufu. Hapo mjumbe anaona mwenyewe kwamba kusafisha mifereji ya mji ni uamuzi mzuri, na kuuza akiba yote ya mahindi si uamuzi mzuri. Mvua zikija chache, hakuna atakayesema alidanganywa, kwa sababu ile minne aliisikia. Kwa Tabora ongeza jambo moja: jumla ya mvua za msimu haisemi zitaanza lini wala kama zitakatika katikati, na mkulima wa tumbaku au mahindi anauliza hayo mawili kwanza.

Kuhusu kutokuwa na uhakika kwa ujumla: neno "hatuna uhakika" likisimama peke yake mezani linatafsiriwa "hawajui, turudi nyumbani". Tenganisha. Anza na yanayojulikana bila shaka, kama kwamba maji ya juu yamepata joto. Taja linalokadiriwa, na ukubwa wa makadirio. Mwisho sema lipi kati ya hayo linabadilisha uamuzi ulio mezani na lipi halibadilishi. Kama banda litazama kwa kupanda nusu mita na vilevile kwa kupanda mita mbili, ubishi wa wataalamu juu ya nusu au mbili usichukue dakika ya kikao.

Sasa karatasi yenyewe. Mtafiti hapeleki taarifa kwenye kikao kwa mkono wake. Inapita kwa mkuu wa divisheni au kitengo husika, kwa dokezo sabili (waraka wa ndani unaopandishwa ngazi kwa ngazi) kwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye anayeiingiza kwenye ajenda. Mtafiti aliyetoka nje ya mkoa awe ameshajitambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya, na kibali chake cha utafiti kikiwa mkononi. Kuruka hatua hiyo kumefunga milango ambayo data nzuri haikuweza kuifungua. Mkuu wa kitengo aione rasimu mapema, na aruhusiwe kubadilisha maneno yasiyobadilisha ukweli. Yeye ndiye atakayeulizwa mtafiti akishaondoka.

Ukurasa mmoja, maneno 350 hivi. Ombi liwe kwenye aya ya kwanza: "Kamati inaombwa kuridhia..." Halafu kilichobadilika, kwa namba mbili au tatu tu. Halafu njia za kuchagua, mojawapo ikiwa kutofanya kitu, kila moja na gharama yake kwa shilingi na kasma inakotoka. Njia isiyoandikwa gharama haichaguliwi. Mjumbe mzoefu hudhani umeificha. Viambatisho vije nyuma kwa anayetaka.

Makabrasha, yaani karatasi za kikao wanazopewa wajumbe, hupigwa fotokopi nyeusi na nyeupe. Ramani yako nzuri ya nyekundu na kijani itatoka kijivu na kijivu. Tumia mstari mnene, mstari wa nukta na michirizi, na uipitishe mwenyewe kwenye mashine ya fotokopi kabla ya kuikabidhi. Usitegemee projekta, umeme ukikatika, kikao hakikusubiri. Kwenye ramani andika majina ya vitongoji, vijito, shule, msikiti na kanisa. Kazi ya Taasisi ya Jane Goodall kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, kupitia mradi wa TACARE ulioanza mwaka 1994, ni mfano wa kutazama: picha za setilaiti zikiwa mezani, wanakijiji wanajitajia wenyewe vilima na mashamba, na mpango wa matumizi ya ardhi unaanzia hapo. Mtu akishaiona nyumba yake kwenye picha, mazungumzo yanakuwa mengine. Vijijini usione haya kuomba mtu afafanue kwa Kiha. Sentensi ikishindwa kuvuka kwenda Kiha, mara nyingi hata kwa Kiswahili haikuwa imeeleweka.

Siku ya kikao unazungumza kwa idhini ya mwenyekiti, dakika kumi ukibahatika. Mwenyekiti wa kamati na diwani wa kata inayotajwa wawe wameshaelezwa siku chache kabla, faragha. Ni vibaya kumfanya mheshimiwa asikie mbele ya wenzake kwamba mwalo wake utazama. Usisome karatasi waliyonayo. Jiandae kwa swali la Lukuga, litakuja: jibu kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa kugeuka mvuke, kwamba mto huo ni wa kujadiliwa na nchi nne, na urudi kwenye ombi lililo mezani. Mjumbe akisema mvua ni ya Mungu, usibishane naye. Mvua ni ya Mungu, na mahali pa kujenga banda ni pa baraza.

Kazi haiishi kikao kikifungwa. Omba kuuona muhtasari kabla haujathibitishwa, na utafute kitenzi. "Kamati ilipokea taarifa" maana yake hakuna kitu. "Kamati iliazimia" ikifuatwa na nani, nini na lini, ndiyo yenye nguvu, kwa sababu robo inayofuata itarudi yenyewe chini ya ajenda ya Yatokanayo na kikao kilichopita, na mtu aliyetajwa atasimama kueleza amefikia wapi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo mpigie simu, umuulize kipimo gani kinamkosesha jibu, na umpelekee.